Usiulaumu unga kwa jicho la mwanangu

Mwanangu alianza kupepesa macho Novemba 2022, akiwa na miaka sita. Mwanzo nilidhani ni mchanga, maana Jumapili ile tulishinda ufuoni. Nikamwosha kwa maji ya vuguvugu, nikamwambia asiyafikiche. Wiki ya pili nikampeleka kwa daktari wa macho, akayamulika kwa taa yake na kuniambia ni mazima. Ilipofika wiki ya nne kupepesa kukapungua, ukaja mguno wa koo, "hm, hm, hm", kama mtu anayetaka kuanza kusema na kila mara anaghairi. Kisha bega la kushoto likawa linaruka lenyewe. Akilala, vyote vinakoma. Akiamka na kukaa mezani kunywa chai, vinaanza upya.

Kwetu Mombasa jambo kama hili halikosi wafasiri. Mavyaa wangu alisema ni zongo, mtoto amesifiwa mno. Akafanyiwa zinguo, akanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, na hilo sitalibeza, kwa sababu mkono wa bibi yake juu ya kichwa chake ulimtuliza kuliko kitu chochote mwezi ule. Mwalimu wake alisema ni utundu, na siku moja akamchapa kwa kuvuruga darasa. Jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke ninayempenda na aliyenisaidia kulea wanangu wote, alikuwa na jibu lake na hakulitilia shaka: "Shoga yangu, ni hizi GMO. Si wamefungua juzi?"

Kweli walikuwa wamefungua juzi. Tarehe 3 Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri la Rais William Ruto liliondoa marufuku ya GMO, yaani mazao ambayo jeni zake, zile chembe za urithi, zimeguswa na wanasayansi maabara. Marufuku hiyo iliwekwa Novemba 2012, zama za Rais Mwai Kibaki. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu mfululizo, mifugo imekufa kaskazini, bei ya unga haishikiki. Mwezi uliofuata Waziri wa Biashara wa wakati huo, Moses Kuria, alitangaza kuletwa kwa magunia milioni 10 ya mahindi, ya GMO na yasiyo ya GMO, akasema yanayoweza kutuua nchini ni mengi na si vibaya GMO ikaongezwa kwenye orodha. Maneno hayo yaliingia kila jikoni. Mama ambaye mtoto wake anarusha bega bila sababu hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Nilimwamini jirani yangu kwa miezi mitano. Sasa simwamini, na nataka kueleza kwa nini, kwa sababu kosa nililolifanya jikoni kwangu ndilo lililofanywa na serikali yetu mwaka 2012. Wanaolilipia hadi leo ni watoto kama wangu, na pia wakulima.

Desemba ile niliacha unga wa pakiti. Nikanunua mahindi kwa mkulima ninayemjua Kwale, nikawa nayasaga kwenye kinu cha posho cha mtaani nikisimama pale pale nisije nikabadilishiwa. Nikaondoa kuku wa gredi, soseji, biskuti, soda, hata nyanya zile kubwa zenye ngozi ngumu. Baada ya wiki mbili bega likatulia. Mguno ukapungua hadi nikawa nausikia mara mbili tatu kwa siku. Nililia kwa furaha. Nikawapigia dada zangu, nikarekodi ujumbe wa sauti, nikautuma kwenye kundi la kina mama wa shule: acheni unga wa dukani, mwanangu amepona. Najua ujumbe ule ulisambaa, kwa sababu mwezi wa tatu mama mmoja wa Malindi alinitumia mimi mwenyewe, akinisihi niusikilize kwa ajili ya mtoto wangu.

Wakati huo mtoto hakuwa amepona. Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Januari 2023, yote yalirudi na mapya yakaongezeka: kukunja pua, kugeuza shingo ghafla kama aliyeitwa. Unga ulikuwa ule ule wa Kwale. Ingefaa nijiambie kwamba nimekosea. Badala yake nikaanza kutafuta ni wapi GMO imepenyea. Labda mafuta ya kupikia. Labda chakula cha shule. Labda kuna mtoto anayempa biskuti. Nikawa nampekua mkoba kila jioni, naye ananitazama kimya, huku bega linaruka. Nilimfanya mtoto wa miaka sita ajione mkosa kwa jambo lililomo ndani ya mwili wake. Katika yote niliyoyafanya mwaka ule, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwezi wa tano tulimpata daktari wa neva wa watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Siku ulipoamua kuacha unga, hali yake ilikuwa vipi?" Nikamjibu ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Akatikisa kichwa taratibu, akavuta karatasi, akanichorea mstari unaopanda na kushuka.

Madaktari wanaiita miondoko hii tiki. Ni miondoko au sauti za ghafla zinazojirudia, ambazo mtoto hakuzikusudia ingawa anaweza kuzizuia kwa muda mfupi, kama unavyoweza kuzuia chafya. Mara nyingi huanza kati ya miaka 4 na 6, huwa kali zaidi kati ya miaka 10 na 12, na kwa wengi hupungua ujanani. Watoto wengi hupitia tiki za muda mfupi zikaisha zenyewe. Zikiwa za mwili zaidi ya moja na ya sauti angalau moja, zikadumu zaidi ya mwaka, huitwa ugonjwa wa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette aliyeandika habari za wagonjwa tisa mjini Paris mwaka 1885. Yale matusi yanayoonyeshwa kwenye filamu huwapata wachache tu kati yao. Chanzo kiko kwenye njia za ubongo zinazochuja miondoko, na kwa sehemu kubwa ni jambo la kurithi. Daktari alipouliza kama kuna mwingine kwenye ukoo, mume wangu alikaa kimya kidogo, kisha akamkumbuka ami yake aliyekuwa akirusha kidevu hadi uzeeni. Familia nzima ilidhani ni mazoea tu.

Lakini lililonifungua macho ni ule mstari. Tiki hupanda na kushuka kwa wiki na miezi, mfano wa bamvua, bahari inapojaa sana, na maji mafu, inapojaa kidogo. Uchovu huziongeza, wasiwasi huziongeza, hata furaha ya Idi huziongeza. Sasa fikiria mzazi anachukua hatua lini. Hachukui maji yakiwa mafu, kwa nini ahangaike? Anachukua bamvua ikiwa imefika kizingitini. Na bamvua, ufanye jambo usifanye, itaondoka. Kwa hiyo chochote atakachokuwa ameshika mkononi wakati maji yanarudi nyuma ndicho atakachokishukuru: kombe, mafuta ya habasoda, unga wa Kwale. Mimi nilishukuru unga. Mama mwingine, kwa haki ile ile, angeushukuru mti wa mwarobaini. Ili kujua ukweli ungehitaji watoto wengi, nusu wanakula unga huu na nusu ule, wasiojua wanakula upi, na uwafuate muda wa kutosha. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja na hofu.

Sasa turudi 2012. Septemba mwaka ule mtafiti Mfaransa Gilles-Éric Séralini na wenzake walichapisha utafiti wa panya 200 waliolishwa kwa miaka miwili mahindi ya GMO aina ya NK603, dawa ya magugu ya Roundup, au vyote viwili. Picha za panya wenye uvimbe mkubwa kama limau zilienea dunia nzima. Miezi miwili baadaye Kenya ikapiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO, na utafiti huo ukatajwa miongoni mwa sababu. Watu wachache waliuliza swali alilonipa daktari wangu: hali ilikuwaje kabla? Panya wale, wa aina ya Sprague-Dawley, hupata uvimbe kwa wingi wakizeeka hata wakila chakula cha kawaida, na miaka miwili kwa panya ni uzee. Kila kundi lilikuwa na panya kumi tu, na waliolinganishwa nao kwa chakula cha kawaida walikuwa kumi kwa kila jinsia. Novemba 2013 jarida lililouchapisha likauondoa, likisema halikuona udanganyifu lakini matokeo hayatoshi kuthibitisha jambo. Mwaka 2014 ukachapishwa tena katika jarida jingine. Marufuku yetu ikabaki miaka kumi.

Sisemi Séralini alikuwa na nia mbaya, kama ambavyo mimi sikuwa nayo nilipotuma ujumbe wangu wa sauti. Nasema picha ya panya na sauti ya mama anayelia husafiri haraka kuliko masahihisho yoyote. Mimi nilituma masahihisho yangu. Hakuna aliyewahi kunirudishia hayo kutoka Malindi.

Na kuhusu mwanangu, tarehe peke yake zingetosha. De la Tourette aliandika mwaka 1885. Chakula cha kwanza cha GMO kuuzwa sokoni, nyanya ya Flavr Savr huko Marekani, kilitoka 1994, zaidi ya karne moja baadaye. Hapa kwetu mahakama ilisimamisha uagizaji kabla hata ya mwaka 2022 kwisha. Zao la GMO lililokuwa limefika kwenye mashamba ya wakulima wa Kenya lilikuwa pamba ya Bt, inayojitengenezea sumu ya kuua viwavi, iliyoidhinishwa Desemba 2019. Uganda na Tanzania, tunakotoa mahindi mengi, hawalimi mahindi ya GMO kibiashara. Nyanya zenye ngozi ngumu ni mbegu chotara, zimezalishwa kwa kupandanisha nyanya na nyanya. Kuku wa gredi amepatikana kwa kuchagua wazazi wanaokua haraka. Mtaani neno GMO limekuwa jina la kila kitu kikubwa, cha haraka na kisicho na ladha, hata watoto wanene wanaitwa hivyo. Hicho nilichokuwa nikikikimbia hakikuwamo jikoni kwangu hata siku moja.

Mwaka 2016 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu mazao ya GMO iliyopitia tafiti zaidi ya 900. Moja ya mambo waliyoyatazama ni hili hasa linalotutia hofu sisi wazazi: walilinganisha Marekani na Kanada, ambako watu wamekula GMO tangu miaka ya 1990, na Uingereza na Ulaya Magharibi, ambako huliwa kidogo sana. Katika saratani, unene, na hata usonji wa watoto, hawakuona tofauti ambayo GMO ingeweza kuieleza. Shirika la Afya Duniani nalo linasema vyakula vya GMO vilivyoko kwenye soko la kimataifa vimepimwa na haielekei vitaleta madhara kwa afya. Wanaonijibu kwamba wote hao wamenunuliwa nawaheshimu kwa wasiwasi wao, lakini nawaomba waniambie ni ushahidi gani ungewafanya wabadili mawazo. Mimi ningekuwa tayari kuutaja wangu.

Hata lugha yetu imeshapanga upande. Anayeunga mkono anasema mazao "yaliyoboreshwa" kijenetiki, anayepinga anasema "yaliyobadilishwa". Magazeti ya Kenya yakajaribu neno "kisaki", ambalo mtaani wengi hawalijui. Kabla hujauliza swali, neno ulilolichagua limeshajibu.

Kuna watakaosoma hadi hapa waseme: basi huyu mama yuko upande wa makampuni. Hapana. Yanayonihangaisha kuhusu GMO ni mengi, na ninaumia kuona hofu ya tiki, saratani na utasa imeyafukia.

Chukua mahindi ya Bt. Wanasayansi wametia ndani ya mmea jeni kutoka kwa bakteria wa udongo, ili mmea utengeneze protini inayomuua kiwavi anayetafuna bua. Afrika Kusini iliyaanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo sehemu kubwa ya mahindi yao ni ya GMO. Lakini mwaka 2007 wataalamu huko waliripoti kwamba bungua wa mabua aitwaye Busseola fusca ameanza kuhimili sumu ya mahindi ya Bt ya aina ya MON810. Bungua huyo yuko pia kwenye nyanda zetu za juu, na MON810 ndiyo iliyomo katika mahindi ya Bt yaliyojaribiwa hapa Kenya na KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo. Mkulima wa Trans Nzoia atauziwa mbegu ambayo mdudu wake ameshaisoma kwingine. Je, ataambiwa atenge kipande cha mahindi ya kawaida kupunguza usugu huo, yeye mwenye ekari moja? Nimehudhuria mikutano miwili ya kupinga GMO na sikusikia swali hili. Nilisikia habari za uvimbe.

Au tazama Burkina Faso, iliyokuwa mfano wa Afrika Magharibi kwa pamba ya Bt. Kufikia 2016 waliiacha. Hakuna aliyeugua. Nyuzi za pamba zilikuwa zimekuwa fupi, bei ikaanguka sokoni, na kampuni za pamba za nchi hiyo zikapata hasara. Swali la nani analipa teknolojia ikishindwa ni swali la shilingi na senti, na mkataba wa mbegu ndio unaolijibu, kwa hiyo mkataba huo ndio wa kusomwa kwa sauti barazani.

Sheria ya mbegu ya Kenya iliweka adhabu ya faini hadi shilingi milioni 1 au kifungo hadi miaka 2 kwa biashara ya mbegu zisizoidhinishwa, hata wakulima wadogo wakahofia kubadilishana mbegu na majirani. Mwaka 2022 wakulima 15 waliipeleka mahakamani. Bibi zetu wa Kilifi walipeana mbegu za kunde kwenye vikombe vya chai. Hofu yangu ya kweli kuhusu mbegu iko hapo, kwenye kikombe hicho, na mtu anaweza kuwa na hofu hii bila kudai kwamba unga unarusha mabega ya watoto.

Kuna pia lebo. Kanuni zetu za 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kiandikwe hivyo. Ni kanuni nzuri. Ila mama anayenunua kilo mbili za mahindi kwenye gunia lililofunguliwa sokoni Kongowea ataisoma lebo gani? Serikali iliyoondoa marufuku kwa uamuzi wa mkutano mmoja wa mawaziri haikutueleza hilo, na ndiyo maana wengi tulihisi tumepitwa juu ya vichwa vyetu. Kesi zikafuatana, nyingine zikatupwa, hadi Machi 2025 Mahakama ya Rufaa iliposimamisha tena uagizaji mpaka rufaa isikizwe. Tanzania nayo ilifunga majaribio ya mahindi ya Makutupora, Dodoma, mwaka 2018. Nchi mbili jirani, zinazouziana mahindi kila siku, na hakuna iliyokaa na walaji wake ikawaeleza neno kwa neno.

Wakati huo huo kuna sumu iliyothibitishwa, imo ndani ya mahindi yetu ya asili, na haina kundi linaloandamana dhidi yake. Mwaka 2004, Makueni na Kitui na kwingineko mashariki mwa nchi, sumukuvu iliwapata watu 317 na kuwaua 125. Ni sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Yale mahindi yangu ya Kwale, niliyoyaona ni salama kwa sababu namjua mkulima, sikuwahi kuuliza yalikaushwaje wala yalilala wapi.

Naona utafiti wa KALRO uendelee, tena kwa fedha za umma, ili mbegu ikipatikana isiwe ya kampuni. Naona uagizaji usiruhusiwe mpaka kuwe na njia ya kumwonyesha mnunuzi wa gunia lililofunguliwa anachokinunua. Na naona yeyote anayetumia ugonjwa wa mtoto kama hoja, wa upande wowote, anatakiwa kuulizwa papo hapo amejuaje.

Kuhusu mwanangu, kilichomsaidia hakikutoka kwenye sahani. Daktari alituelekeza kwa mtaalamu wa mafunzo ya tabia, aina ambayo madaktari wa neva wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2019, waliipendekeza ianze kabla ya dawa. Mtoto alijifunza kwanza kuitambua ile hisia inayotangulia, mkazo anaouita "mdudu wa shingo". Kisha, shingo ikitaka kugeuka, anashusha kidevu taratibu na kukaza misuli kidogo mpaka mkazo upite. Mguno ukija, anavuta pumzi ndefu kwa pua. Si tiba, na kuna siku anachoka na kuziachia zote. Nasi nyumbani tulijifunza kazi ngumu zaidi: kutosema "acha". Kila "acha" ilikuwa inaziongeza.

Shule tulibadilisha. Mwalimu mpya alimweka karibu na mlango, wakakubaliana kwamba akizidiwa atatoka nje dakika mbili bila kuomba ruhusa. Siku ya kwanza aliwaambia wanafunzi wenzake, mbele yake na kwa idhini yake, kwamba mwili wake huruka kidogo na haumzuii kusikia hesabu. Aliwaonyesha picha ya Tim Howard, aliyedakia Manchester United na Everton akiwa na Tourette, na wavulana wa darasa lile wakataka tu kujua kama mwanangu naye anadaka. Anadaka vibaya sana, lakini wamemweka golini.

Jirani yangu bado anasema ni GMO. Jioni moja juzi alimletea mtoto mahamri, akakaa nasi barazani, bega likaruka mara tatu nne, naye akaendelea na hadithi yake bila kuligeukia. Rufaa ikisikizwa na wananchi tukiitwa kutoa maoni, nimemwomba twende pamoja. Yeye atauliza la kwake. Mimi nitauliza kuhusu bungua, kuhusu kikombe cha kunde na kuhusu gunia lililofunguliwa sokoni Kongowea.